Saa za kazi viwandani Ulaya: uliza kwanza ni saa zipi

Ukiona jedwali linalosema Mholanzi anafanya kazi saa 32 kwa wiki na Mgiriki karibu 40, usikimbilie kumwita Mholanzi mvivu. Takwimu hizo za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, za mwaka 2023 zimechanganya wote: wa kutwa na wa saa chache, wa kiwandani na wa dukani. Uholanzi ina watu wengi mno wanaofanya kazi siku tatu au nne tu, na hao ndio wanaoushusha wastani. Kwa viwanda, chukua wenye ajira ya kutwa peke yao, halafu chuja sekta ya uzalishaji. Pengo litasinyaa sana.

Kisha tenganisha sheria na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2003 inaweka saa 48 kwa wiki pamoja na ovataimu, kwa wastani wa miezi minne. Hiyo ni dari, wengi hawaigusi. Saa 35 za Ufaransa, kinyume chake, si dari hata kidogo. Ni mahali ovataimu inapoanzia: nyongeza ya asilimia 25 kwa saa nane za mwanzo na 50 baada ya hapo, ingawa makubaliano yanaweza kuishusha hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Ujerumani ndiyo hupotosha zaidi. Sheria yake inaruhusu saa 8 kwa siku sita, yaani 48, lakini viwanda vya chuma na umeme vya magharibi vilivyofungwa na mkataba wa IG Metall, chama cha wafanyakazi wa sekta hiyo, vina saa 35 tangu 1995, matunda ya mgomo wa 1984. Kiwanda cha jirani kisicho na mkataba huo kinaweza kudai 40.

Angalia na mapumziko. Poland, dakika 15 za mapumziko huhesabiwa ndani ya saa za kazi, hivyo wiki yake ya saa 40 ina dakika 75 za kupumzika. Ujerumani, nusu saa ya mapumziko kwa kawaida iko nje ya hesabu.

Mwisho, piga hesabu ya mwaka. Mjerumani wa mkataba huo ana likizo ya siku 30, sawa na wiki 6. Toa na sikukuu, tuseme wiki 2. Zinabaki wiki 44 mara 35: saa 1,540. Mpolandi mwenye utumishi wa chini ya miaka 10 ana likizo ya siku 20. Kwa sikukuu zilezile za wiki 2, ni wiki 46 mara 40: saa 1,840. Tofauti ya saa 5 kwa wiki, pamoja na ile ya wiki 2 za likizo, imezaa saa 300 kwa mwaka, zaidi ya wiki saba za kazi. Ovataimu iongeze baadaye, tena kutoka kwenye hati za mishahara, kwa sababu mkataba hauionyeshi.