Usiseme "hiki ni choo cha kale" kabla hujachota udongo wa pembeni

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na mbili huu nakaa na hadubini kwenye zahanati huku Mbagala, kwa hiyo mtu akiniambia choo akili yangu inakwenda kwenye kikopo. Mdogo wangu anasoma akiolojia, yeye ukimwambia choo anawaza kuta na mashimo. Ndo maana siku aliyoniletea vimfuko vya udongo akasema "dada, nipimie choo" tulizungushana kama dakika tano hivi mpaka nikaelewa kumbe kuna shimo wamechimba kwenye magofu fulani huku pwani, limejengewa mawe vizuri, na hawajui kama lilikuwa choo au kisima au la kuwekea vitu tu.

Wazo lenyewe, kutafuta mayai ya minyoo kwenye udongo wa shimo, zuri sana. Kinyesi kinaoza kinageuka udongo kama udongo mwingine, ila mayai ya minyoo yana ganda gumu balaa, yanaweza kukaa ardhini miaka elfu na zaidi. Na mchango, yule mnyoo mrefu wa tumboni, jike mmoja anaweza kutaga mayai laki mbili kwa siku, sa fikiria nyumba ya watu watatu wanne wenye mchango, shimo lao litakuwaje.

Nikaanza kwa kukosea. Nilichukua udongo mkavu nikaweka na tone la maji ya chumvi kwenye slaidi kama ninavyofanya kwa mgonjwa, nikaona mchanga mtupu. Udongo wa zamani unalowekwa kwanza, wataalamu wanatumia maji yenye kemikali ya trisodiamu fosfeti ya asilimia 0.5, ukishalainika ndo unapitishwa kwenye machujio, la juu linabaki na mchanga mkubwa na la chini, lenye matundu madogo kabisa, linabaki na mayai. Usijidanganye na chujio la chai jamani, yai la mchango lina kama mikroni 60, ukiyapanga kumi na sita ndo unakaribia milimita moja.

Tukarudia, safari hii tukayaona. Yai la mchango ni la kahawia, lina vinundu vinundu kama ganda la topetope. La minyoo mjeledi, minyoo wengine wa tumboni, limekaa kama limau, kila ncha ina kizibo, hilo ukiliona mara moja hulisahau. Dogo akapiga picha kwa simu kupitia lenzi, tukaagiza chipsi kuku, kichwani ripoti tumeshaimaliza.

Mwalimu wake akauliza swali moja tu: udongo wa nje ya shimo mmepima?

Hatukupima. Akarudi kuuchota, na nilipouweka kwenye hadubini mayai yalikuwa yale yale na idadi inakaribiana. Juu kidogo ya pale kuna nyumba za watu zenye vyoo vya shimo, na sisi wa huku tunajua masika yakija wapo wanaotapisha vyoo usiku mvua ikiwa inapiga, maji yanakwenda na kila kitu. Halafu nikirudi kuangalia ile slaidi kwa utulivu, mayai mengi yalikuwa mazima na kiini chake ndani, kitu ambacho mimi mtu wa maabara ndo nilitakiwa kukishtukia mapema, maana ya kale mara nyingi ndani ni matupu na hata vile vinundu vimebanduka. Niliona aibu, sitaki kusema uongo.

Mfano mzuri ni wa mfalme Richard III wa Uingereza, aliyekufa 1485, mifupa yake ikapatikana 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Waliopima walichukua udongo wa kwenye nyonga, wa kwenye fuvu na wa nje ya kaburi. Nyonga ikawa na mayai ya mchango, fuvu halina kitu, nje yapo machache sana. Hapo ndo unasema mchango ulikuwa tumboni mwake. Ukiwa na udongo wa nyonga peke yake huna kesi.

Kingine, kama kuna chombo kimepatikana, usikimbilie kukisugua. Kule Gerace, kwenye kisiwa cha Sicily Italia, kuna chungu cha Warumi cha karne ya 5 ambacho ndani kilikuwa na ukoko mweupe, kama ule wa kwenye birika ukichemshia maji ya kisima ya chumvi. Vyungu vya umbo lile mara nyingi viliitwa vya kuhifadhia vitu. Walipoupima ule ukoko wakakuta mayai ya minyoo mjeledi, kumbe ni cha kujisaidia. Angekiosha mtu wa usafi, habari ingeishia kwenye ndoo.

Kwa hiyo ukichimba chota chini kabisa ya shimo, chota katikati, halafu chota nje hatua kadhaa kwa kina kile kile, kila sehemu na kijiko chake safi. Na yai la mchango wa nguruwe huwezi kulitofautisha na la mtu kwa macho, uliza kwanza kama kuna mifupa ya nguruwe imetoka hapo. La minyoo ya mbwa lina vishimo vishimo, hilo halisumbui sana.

Ripoti ya dogo ilienda imeandikwa "shimo lililojengewa mawe, matumizi hayajajulikana". Msimu huu karudi tena na vimfuko, na cha kwanza kunipa kimeandikwa kwa maka peni herufi kubwa: PEMBENI.