Maswali ya Wasomaji: Hodi Kwenye Gofu

SWALI: Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikipiga picha za nyumba zilizohamwa, hasa hapa Pangani ninakoishi. Mwezi uliopita niliingia katika nyumba ya mawe ambayo paa lake limeshaanguka. Ndani, kwenye kidaka cha ukutani, nilikuta chetezo chenye majivu yaliyokuwa bado na joto, nikakipiga picha. Nilipotoka nilimkuta bibi mmoja amesimama mlangoni, akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kuingia kwao. Nilimjibu kwamba nyumba haina mtu. Alinitazama, kisha akaenda zake bila kuitikia shikamoo yangu. Je, nilikosea? Na picha zile nizifanyeje?
Msomaji, Pangani

JIBU: Ndugu msomaji, ulikosea, na kilichomuumiza zaidi bibi yule, naamini, ni lile jibu lako kwamba nyumba haina mtu. Nyumba za mawe za pwani yetu ni nadra kukosa mwenyewe; mara nyingi shida yake ni kwamba wenyewe ni wengi mno. Mwenye nyumba anapofariki, mirathi hugawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, na baada ya vizazi vitatu nyumba moja huwa na warithi ishirini, wengine wako Mombasa, wengine Muskat, na hakuna anayeweza kutengeneza hata dirisha bila ya wote kukubaliana. Nyingine ziliwekwa wakfu. Kwa hiyo ukuta unaoanguka mbele ya kamera yako huenda unaanguka kwa sababu hiyo hasa, na anayepita kila siku akiutazama anaumia kuliko unavyoweza kudhani.

Hilo la chetezo ndilo lililonigusa zaidi. Majivu ya moto maana yake ni kwamba asubuhi ile mtu alikuja pale na ubani wake, akawakumbuka watu wake au akaomba dua, na huenda mtu huyo ni bibi yuleyule. Katika magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, watu bado huenda kuomba dua kwenye makaburi ya kale, na hakuna anayeyaita makaburi hayo mahame. Unapokuta ubani, marashi au kitambaa kilichofungwa mahali, iteremshe kamera yako mpaka umpate wa kumuuliza.

Kwa magofu yaliyo chini ya serikali, njia ni nyepesi. Anayetaka kupiga picha Kilwa Kisiwani huchukua kibali katika ofisi iliyoko Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na huongozwa na mwenyeji. Nakusihi usimwone mwongozaji huyo kama kero, kwani ndiye ajuaye jua la alasiri huingia upande gani wa Msikiti Mkuu, na ndiye atakayekusimulia mambo ambayo lenzi haiyaoni.

Jambo moja hukuliuliza, lakini siwezi kulinyamazia. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Paa likishapasuka, maji ya mvua hulainisha chokaa na kuozesha ncha za boriti ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki, na ukuta uliokuwa umeshikwa na dari hubaki umesimama peke yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa inakarabatiwa na mafundi wakati sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Usipande ghorofani katika nyumba uliyoieleza, hata kama mwanga wa huko juu unakuvutia namna gani, na usiegemee ukuta ili kuituliza kamera.

Sasa rudi kwa bibi. Usiende na kamera siku hiyo. Safisha picha mbili tatu za nyumba kwenye karatasi nzuri, zile zinazoonyesha mlango na nakshi zake, uende nazo jioni watu wanapokaa barazani, upige hodi, umwamkie na umwombe radhi kabla ya kueleza chochote. Kisha mwonyeshe ile picha ya chetezo. Akikwambia uifute, ifute palepale akiona. Akiichukua na kuanza kukueleza kidaka kile kilikuwa cha chumba cha nani, kaa umsikilize, na ukifika nyumbani uandike majina yote aliyoyataja nyuma ya nakala yako.