Logi zinapotea seva ikirestati, na Logstash inakula memori yote

Ndugu yangu wa Jinja uliyeuliza kuhusu logi (rekodi za matukio ya seva) zinazopotea, nimekuelewa, seva yako ya klaudi ina memori giga 2 tu na Logstash, ile programu ya kukusanya na kutuma logi, inaimaliza kwa sababu inaendeshwa juu ya Java. Badala yake weka Fluent Bit, inafanya kazi hiyo hiyo ila imeandikwa kwa C, inakula memori kidogo sana. Kama mko kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi) iweke kama DaemonSet ili kila nodi, yaani kila seva, ipate moja.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaumia, hata mimi hapa Kampala nilipoteza logi za usiku mzima: ukitegemea memori peke yake, mtandao ukikatika na Mem_Buf_Limit (kikomo cha memori ya kushikilia logi) ikajaa, Fluent Bit inaacha kusoma, faili la logi likizungushwa (la zamani likiondolewa, jipya likianzishwa) basi logi zimeenda. Kwa hiyo weka storage.type iwe filesystem ili logi zihifadhiwe kwenye diski, uipe storage.path (folda ya kuzihifadhi), halafu kwenye tail, sehemu inayosoma mafaili ya logi, uweke DB (faili la kukumbuka iliposoma) ili ikiwaka tena ijue iliishia wapi. Usisahau storage.total_limit_size, kikomo cha nafasi ya diski, isije ikajaa.

Washa TLS, ili logi zisafiri zikiwa zimefichwa kwa msimbo. Na tafadhali futa namba za simu za wateja kabla hazijatoka, sheria ya Uganda ya kulinda data ya 2019 inawahusu, kama logi zinavuka mipaka ya Uganda muulizeni wakili kwanza.