Skechi Ilikuwa Kali, Nilipoimalizia Ikapoa: Maswali Yenu ya Sai-fai

Safari hii maswali mengi yaliyoingia ni ya uchoraji wa kidijitali, na karibu yote yanazunguka palepale, kwamba kuanza ni raha ila kumalizia ndo shughuli. Nimechukua moja nikalijibu kwa kirefu maana limebeba shida za wengi, mengine yako chini kwa ufupi.

*Shikamoo fundi. Mimi nachora kwenye tableti. Nilichora skechi ya sai-fai, mtu amesimama kwenye jangwa la sayari nyingine, mbele yake meli kubwa ya anga imeanguka na jua linazama nyuma yake. Ilinichukua kama nusu saa, brashi moja kubwa tu, na kila niliyemwonyesha akasema hii kali. Sasa nimekaa wiki nzima naimalizia, nimeweka bolti, nyaya, madirisha, mikwaruzo, yani kila kitu, na picha imekakamaa, tena meli imekuwa kama toi ya mtoto. Nimekosea wapi? — Mpenzi wa Anga*

Marahaba. Kwanza usifute chochote. Ile skechi ya mwanzo bado unayo? Kama ulichora juu yake mpaka ikafunikwa tafuta nakala ya zamani ya faili, na siku nyingine kabla hujaanza kumalizia itoe nakala, iweke kwenye leya yake, yani tabaka lake peke yake la picha, na uifunge isiguswe.

Haya, iweke skechi pembeni ya picha ya sasa, zote uzipunguze mpaka ziwe na ukubwa wa kucha ya kidole gumba, afu zitazame. Picha yako sijaiona ila naweza kubashiri utakachokiona. Kwenye skechi kuna mafungu matatu tu: anga lenye mwanga, meli yenye kijivu cha kati, na mtu pamoja na mchanga wa mbele wenye giza. Jicho linasoma mara moja. Kwenye picha ya sasa kila bolti umeipa nukta yake ya mwanga na kivuli chake, kila waya umeuchora kwa ukingo mweusi, kwahiyo mwili wa meli uliokuwa kitu kimoja umesambaratika, nusu inashindana na anga na nusu inashindana na mtu wako. Inawezekana hakuna bolti iliyokosewa hata moja, ila zikijumlishwa ndo zinaua picha.

Kuhakikisha, weka leya mpya juu ya zote, ijaze nyeusi tupu, afu modi yake, yani namna inavyochanganyika na leya za chini, uiweke kwenye ile ya rangi (Color). Picha yote inageuka kijivu bila kuharibika, na ukiizima leya rangi zinarudi. Mi huwa naiacha hapo juu muda wote wa kazi naiwasha na kuizima. Sasa ukiwa kwenye kijivu jiwekee mpaka: sehemu inayong'aa kuliko zote kwenye meli isiufikie mwanga wa anga, hata pale penye giza kidogo, na kivuli kizito kuliko vyote kwenye meli kisilifikie giza la yule mtu. Ndani ya mipaka hiyo weka bolti elfu, picha haitavunjika. Nyingi zitabaki zinaonekana kwa shida, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hilo la toi sasa. Wengi wakiona meli inaonekana ndogo wanaongeza madirisha madogo madogo, na wakati mwingine inasaidia, ila kwako naona tatizo liko chini, pale meli inapogusa mchanga. Sikiliza vizuri maana hapa kuna hesabu kidogo. Kama anayetazama amesimama kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho unapita kwenye usawa wa macho yake, tuseme mita 1.6 kutoka chini. Usawa huo ni uleule kila mahali kwenye picha. Kwahiyo popote kitu kinapogusa ardhi, kutoka hapo kupanda mpaka kwenye mstari wa upeo ni mita 1.6, kiwe karibu au mbali. Chukua meli yako sasa. Tuseme ina urefu wa pikseli 1000 kwenda juu na kitako chake kipo pikseli 100 chini ya upeo. Pikseli 100 ni mita 1.6, basi meli nzima ni mita 16, jengo la ghorofa tano hivi. We kichwani ulikuwa na meli ya mita 200! Ili iwe ya mita 200 na ibaki na pikseli zake 1000, kitako kinatakiwa kiwe pikseli 8 tu chini ya upeo, yani karibu kinaugusa. Kwenye skechi inawezekana ulifanya hivyo bila kujua, kwa mkono tu, au vumbi ulilopaka kwa brashi kubwa lilificha kitako na ubongo wa mtazamaji ukajijazia wenyewe. Ulipoanza kumalizia ukakichora kitako vizuri, mchanga umerundikana, ngazi imeshuka, na ukakichora chini mno. Ipandishe, au kifiche tena kwa vumbi.

Ukishapandisha, weka vitu ambavyo mtu anavijua ukubwa wake. Mlango wa mita 2. Reli ya kushikia mkono inayofika juu kidogo ya kiuno. Kontena la kawaida la mizigo lina upana wa mita 2.44, na hata ukilichora la kisai-fai lenye kona za ajabu jicho linalitambua. Kimoja au viwili vinatosha, tena viweke mahali ambapo jicho lingepita hata hivyo.

Afu kuna hewa, na hapa nakuuliza: hiyo sayari ni ipi? Kwenye skechi unaruhusiwa kutojua, kwenye picha iliyomalizika lazima uamue, maana hewa ndo inayoamua rangi ya kila kitu kilicho mbali. Duniani vya mbali vinaenda bluu na kufifia. Mirihi mchana anga lake lina rangi ya udongo wa manjano kwa sababu ya vumbi laini lililoelea, na jua likizama pale karibu na jua panakuwa na bluu, kinyume kabisa na machweo yetu, maana chembe zile za vumbi zinaipeleka bluu mbele kuelekea kwa mtazamaji. Mwanga wa jua unaofika kule ni kama asilimia 43 ya unaotufikia sisi. Ukichora machweo ya Mirihi kwa rangi ya chungwa mtu atakuelewa, ila ukiyachora ya bluu na mchanga wa kutu, mtazamaji anajua hayuko nyumbani hata kabla hajaiona meli. Mi ningechagua hiyo kwa picha yako, na inakupa kingine cha bure: vumbi linakaa chini, kwahiyo kitako cha meli kinafifia zaidi kuliko kilele, na ukifanya kitako kififie meli inakua papo hapo.

Ukiamua ni mahali pasipo na hewa kama Mwezini, hiyo silaha huna. Mlima ulio kilomita nyingi unaonekana mkali sawasawa na jiwe lililo miguuni. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 14, Alan Shepard na Edgar Mitchell, walipanda kutafuta ukingo wa kreta ya Cone, wakageuza bila kuuona, na baadaye ikaonekana walifika karibu nao sana, makumi machache tu ya mita. Walikuwa wapo pale pale kwa miguu yao na bado umbali uliwachanganya, sasa mtazamaji wako anayetazama kioo cha simu? Kwahiyo Mwezini itabidi utegemee vitu kupishana, kimoja kufunika kingine, na nyayo zinazoenda zikipungua.

Mwisho wa hili, chagua mahali pamoja pa kumalizia kweli kweli. Mi ningepachagua pale kichwa na mabega ya yule mtu vinapokutana na mwanga. Hapo weka ukingo mkali, weka mkunjo wa suti, weka mwanga mwembamba unaopita kwenye helmeti. Kadiri unavyotoka hapo ukingo ulainike, brashi ikue. Ubavu wa meli ulio upande wa giza unaweza kubaki na mapigo yaleyale ya brashi ya skechi, na wala usione aibu, picha nyingi unazozihusudu ukizivuta karibu utakuta robo tatu yake ni mapigo matupu.

*Fundi, nikijenga vitu kwa 3D kwanza afu nikachora juu yake, au nikabandika picha za kamera, si ni kudanganya? — Mwanafunzi*

Hapana bana. Chesley Bonestell, Mmarekani aliyezaliwa 1888 na kufariki 1986, aliyechora anga za juu kabla mtu hajaenda huko, alikuwa anatengeneza modeli za mezani, anazipiga picha ili kupata pembe na mwanga, afu anapaka rangi. Programu ya 3D ya Blender haina malipo, panga maboksi matupu, weka kamera na jua, upate mtazamo sahihi, kisha uchore. Ishia kwenye maboksi lakini. Ukianza kujenga kila kitasa cha mlango unajikuta umehama fani.

Picha za kamera tumia zako au zenye ruhusa, na angalia mwanga unatoka upande gani, kubandika chuma kilichopigwa picha mchana wa mawingu kwenye meli yenye jua la jioni kunaonekana tu hata ufiche vipi. Ila Bonestell anatufundisha na lingine. Milima yake ya Mwezini ilikuwa imechongoka, mikali, mizuri, na wanaanga walipofika wakakuta vilima vya mviringo vilivyolainika. Mwaka 1944 akachora Zohali ikionekana kutoka kwenye mwezi wake Titan, anga safi la bluu, kumbe chombo cha Huygens kilipotua Titan Januari 2005 kikatuletea ukungu wa chungwa kila upande. Picha zake bado zinasisimua. We lakini picha za Huygens unazo, huna kisingizio.

*Taa zangu za neoni hazing'ai, naongeza rangi kali mpaka basi lakini zinaonekana zimepakwa tu. — Usiku Mwema*

Kwa sababu umeweka rangi kali katikati ya taa. Katikati panatakiwa pakaribie weupe, rangi yenyewe inakaa pembeni, kwenye duara laini linalozunguka taa na kwenye vitu vilivyo jirani: ukuta, shavu, sakafu yenye maji. Afu punguza mwanga wa kila kitu kingine, taa haiwezi kuwaka kwenye chumba chenye mwanga tele. Na mwanga unapungua haraka kuliko mnavyodhani, umbali ukiongezeka mara mbili unabaki robo, kwahiyo ukuta wa karibu uwake na wa mbali karibu usiguswe. Modi ya kala doji (Color Dodge), ile inayong'arisha rangi zilizo chini yake, inasaidia mwishoni kabisa, kidogo, kwa brashi laini, ukiianza mapema inakula kila rangi uliyopanga.

Na nyie mnaochora miale ya leza angani, kwenye ombwe hakuna vumbi la kuutawanya mwanga, mwale hauonekani kutoka ubavuni. Chora tu mkitaka, inapendeza, ila mjue.

*Brashi gani nzuri kwa sai-fai?*

Moja ya mviringo ngumu, moja laini, moja ya mkwaruzo. Acha kupakua mafurushi ya brashi.

*Nataka kuchapa picha yangu kwa karatasi ya A3, skechi ina upana wa pikseli 1200. Nimalizie kwanza afu nikuze? — Bila Jina*

Kuza sasa hivi, kabla hujaweka undani. A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961. Skechi ikikuzwa itakuwa na ukungu na haina shida, utachora juu yake, ila picha iliyomalizika ikikuzwa ukungu ndo unabaki. Kama tableti inalemewa, unganisha leya, kwa kawaida anga, meli, mbele na ile ya kijivu ya ukaguzi zinatosha, hizo leya sitini mnazobeba nyingine hamkumbuki hata zina nini.

Kitu kingine, zima ile setingi ya skrini ya usiku inayotia unjano kuzuia bluu, watu wanapaka rangi saa tano usiku ikiwa imewashwa wanaamka asubuhi picha imekuwa ya bluu. Na mwanga wa skrini usiwe juu kabisa, maana karatasi haitoi mwanga wake yenyewe na vivuli vyako vyote vitazama. Kabla hujachapa kubwa kata kipande chenye giza kuliko vyote na kipande cha machweo, vichape vidogo kwenye karatasi ileile utakayotumia, vitazame mchana karibu na dirisha. Kama kwenye kile cha giza huoni tofauti kati ya mtu na mchanga, rudi ukainyanyue nyeusi kidogo.