Maswali ya Wasomaji: Wananchi Waitwe Lini Kwenye Sera ya Chakula na Lishe?

SWALI: Kamati yetu iliandaa rasimu ya sera ya chakula na lishe, ikaitisha mkutano wa hadhara. Watu walijaa, wakapiga makofi, lakini hakuna hoja iliyobadilisha rasimu. Tulikosea wapi?

JIBU: Mlichelewa kuwaita. Rasimu iliyokamilika huomba baraka, haiombi maoni. Anzeni na tarehe ya kufunga bajeti, kisha rudini nyuma angalau miezi sita: hapo ndipo muwaite wananchi. Hoja isiyopata fungu la bajeti huishia kwenye makabrasha.

Mkutano mmoja wa hadhara hautoshi. Fanyeni vikao vya watu 8 hadi 12: wanawake peke yao, wanaume peke yao, halafu vijana, vibarua wasio na ardhi, na watu wenye ulemavu. Mama anayelala njaa ili wanawe wale hatalisema hilo mbele ya viongozi. Muulizeni yeye saa inayomfaa, na awepo mtu wa kushika watoto.

Kazi ya kwanza iwe kalenda ya misimu. Choreni miezi 12 ardhini, kila mshiriki apewe punje 20 azigawe: mwezi wenye upungufu mkubwa wa chakula upate punje nyingi. Rudieni kwa madeni, kazi za shamba na maradhi ya watoto. Zikilundikana mwezi mmoja, ulizeni kwa nini, na msiharakishe hapo. Pengine chakula kipo sokoni ila fedha hakuna. Pengine mama yuko shambani kutwa nzima na mtoto mchanga analishwa mara moja tu. Matatizo hayo ghala jipya haliyaondoi, ingawa ghala ndilo linalopendwa na wapangaji.

Viti vya kudumu navyo ni muhimu. Nchini Brazil, theluthi mbili ya wajumbe wa CONSEA, baraza la taifa la usalama wa chakula na lishe, hutoka asasi za kiraia. Lilivunjwa mwaka 2019, likarejeshwa 2023. Kwa hiyo msitegemee baraza la juu pekee, jengeni na kamati za chini.

Ndani ya mwezi mmoja rudini kwa watu walewale na jedwali la hoja zao: ipi imekubaliwa na kwa fungu gani, ipi imekataliwa na kwa sababu gani. Lisomeni kwa sauti, kwa lugha yao, kabla rasimu haijasainiwa.