Jibu kuhusu dodoso la afya shuleni

Dada yangu, umeuliza kama majibu ya mwanao kwenye dodoso la afya yatamfikia mwalimu mkuu. Dodoso likifanywa inavyotakiwa, hapana. Utafiti wa aina hii unaojulikana zaidi ni ule wa Shirika la Afya Duniani kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 17; Kenya ilifanya mwaka 2003, Tanzania 2006 na 2014. Mwanafunzi haandiki jina, anajaza mwenyewe, na ana haki ya kukataa.

Wanaulizwa mambo mazito: katika siku 30 zilizopita umelala njaa mara ngapi kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula? Umepigwa? Unajisikia mpweke?

Kinachoharibu kazi ni usimamizi. Mimi ni mwalimu, na niliwahi kuona dodoso la shule likijazwa huku mwalimu wa darasa akipita katikati ya madawati, fimbo mkononi. Binti mmoja alifunika karatasi yake kwa kiwiko, kisha akafuta jibu lake kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Jibu lile jipya lina ukweli gani?

Kwa hiyo uliza shule maswali mawili: nani atakaa darasani wakati wa kujaza, na nani atabeba karatasi zikishajazwa? Uliza pia mtoto akiguswa na swali atamwendea nani siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi isiyo na jina haiwezi kumtafuta.