Kofia Nzuri, Kichwa Kizuri, Lakini Haviafikiani: Maswali Yenu Kuhusu Kofia za Kiume

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu chepeo, yaani kofia zenye ukingo, za felti (manyoya yaliyoshikamanishwa yakawa kama kitambaa kizito) na za ukindu. Mmoja ameuliza kuhusu kapelo, naye hatukumtupa.

Nataka kuagiza kofia ya felti kwa intaneti. Muuzaji anataka saizi, nami sijawahi kupimwa kichwa. Nifanyeje?

Chukua tepu laini ya fundi cherehani. Izungushe pale kofia itakapokaa: katikati ya paji la uso, sentimita moja hivi juu ya masikio, kisha ipite kwenye ule mwinuko wa kisogoni. Iguse ngozi bila kuikaza. Kama huna tepu, tumia uzi usiovutika, utie alama, uulaze kwenye rula. Pima mara tatu na ushike kipimo kilichojirudia. Pima ukiwa na nywele unazokaa nazo siku zote. Aliyepima siku ya kunyoa kisha akafuga atajikuta na kofia iliyopungua.

Sasa namba. Kwa kipimo cha Ulaya, sentimita 58 ni saizi 58, basi. Wamarekani huhesabu upana wa kichwa kwa inchi, kana kwamba kichwa ni duara kamili: 58 kwao ni 7 1/4. Waingereza nao hesabu ni hiyohiyo, ila wako nyuma kwa thumni ya inchi, kwa hiyo kofia ileile kwao ni 7 1/8. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Ukiona 7 1/8 kwenye kofia ya Kimarekani, hiyo ni 57, na sentimita moja kichwani si kitu kidogo. Herufi M mara nyingi ni 56 hadi 57, na L ni 58 hadi 59, lakini kila kiwanda kina herufi zake, omba sentimita.

Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Kupunguza kofia ni kazi ya dakika tano nyumbani, kuipanua ni kazi ya fundi. Na kabla hujalipa, uliza upana wa ukingo na urefu wa kilele (ile sehemu inayofunika fuvu) kwa sentimita. Picha iliyopigwa kwa karibu huufanya ukingo wa sentimita 5 uonekane kama wa 8.

Nilipima vizuri, saizi ni yangu, lakini inaniuma mbele na nyuma huku pembeni panapita kidole. Nikivaa saa moja, paji la uso linabaki na mstari.

Saizi ni mzingo tu, haisemi lolote kuhusu umbo. Kofia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa kichwa chenye umbo la yai la wastani, na chako ni kirefu kuliko hapo. Mwenye kichwa cha duara hulalamika kinyume chako: anabanwa kwenye panja, mbele pako wazi. Kununua saizi kubwa zaidi hakutakusaidia, maana nafasi ya pembeni itaongezeka na upepo utapata pa kuingilia.

Felti inakubali kushawishiwa. Chemsha maji kwenye birika. Shika kofia kwa ukingo, iweke umbali wa sentimita 20 hivi kutoka mdomo wa birika, na upitishe mvuke upande wa nje, mbele na nyuma, pale utepe unapozunguka. Sekunde 20 hadi 30 kila upande zinatosha. Utaisikia felti ikilegea vidoleni kama mkate wa jana uliopashwa. Usiuelekeze mvuke ndani kwenye ule ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso. Ngozi ikipata joto hujikunja, na ikijikunja huivuta kofia nzima pamoja nayo, ukaishia na saizi ndogo kuliko uliyoanza nayo. Baada ya mvuke, sukuma mbele na nyuma kwa viganja, kisha uivae papo hapo na ukae nayo mpaka ipoe kabisa. Kofia hushika umbo inapopoa, kwa hiyo anayeivua ikiwa bado vuguvugu amechoma gesi bure.

Nafasi itakayobaki pembeni, ijaze kwa vipande vifupi vya sponji nyuma ya ukanda, kila kimoja sentimita 5, mkabala na panja. Ukirudia mara mbili na bado inauma, mpelekee fundi wa kofia mwenye faroma (kile kinyago cha kuundia kofia) ya kichwa kirefu, au mwachie mtu mwingine kofia hiyo.

Yangu ni kubwa. Upepo kidogo tu, naikimbiza barabarani.

Sponji nyembamba yenye gundi upande mmoja, upana wa sentimita moja hivi. Ufunue ukanda wa ndani, ubandike sponji kwenye felti nyuma yake, kisha uurudishe ukanda. Anza na kipande cha sentimita 10 kisogoni, ujaribu. Haitoshi? Ongeza kingine mbele. Usiizungushe yote kwa mara moja, kwa sababu mzunguko mzima unaweza kula karibu saizi nzima. Gazeti lililokunjwa nalo linafanya kazi, ila likinywa jasho huvimba na kunuka. Kofia iliyozidi kwa zaidi ya sentimita 2 usiitie viraka. Itakaa juu ya kichwa kama sufuria kwenye mafiga.

Kwa upepo wenyewe, shusha ukingo wa mbele na uinamishe kichwa kidogo kuelekea upepo unakotoka, ili upepo uugonge ukingo kwa juu badala ya kuingia chini yake. Kofia nyingi za zamani zina kamba nyembamba ya mpira imezungushwa juu ya utepe, mwishoni ina kifungo. Wengi hudhani ni urembo. Ile inashushwa, na kifungo kinapenyezwa kwenye tundu la ukosi wa koti. Kofia ikiruka, haifiki mbali.

Nilinyeshewa. Nimeianika juani, sasa ukingo una mawimbi na haiingii tena kichwani.

Ili uelewe kilichotokea, itazame felti yenyewe. Haikufumwa wala kusokotwa. Ni sufu au manyoya yaliyochanganywa, yakapewa unyevu, joto na msukosuko mpaka magamba madogo ya kila unywele yakashikana na ya jirani yake. Kiwandani kazi hiyo husimamishwa kofia inapofikia ukubwa unaotakiwa. Wewe ulipoilowesha kisha ukaipa jua, ukaendeleza pale walipoachia. Na ukanda wa ngozi ukamalizia.

Siku nyingine fanya hivi. Kung'uta maji kwa mtikiso mmoja au miwili, usiifute kwa kusugua. Sukuma mabonde yote ya kilele yatoke nje, maana felti ikikauka imekunjwa, mkunjo unadhoofika na mwisho hutoboka. Pindua ukanda wa ndani utokeze chini kama kola, kisha usimamishe kofia juu ya ukanda huo mezani. Ukingo usiguse kitu. Iache penye hewa saa 24, mbali na jua, jiko na mashine ya kukaushia nywele. Ikikauka, ipige brashi, kisha urudishe mabonde kwa mvuke kidogo.

Hiyo iliyokwisha kusinyaa, fundi ataipitisha mvuke na kuivuta kwa faroma ya skrubu. Tarajia nusu saizi, labda na zaidi kidogo. Anayekuahidi saizi mbili atakurudishia kofia iliyopasuka ukanda. Mawimbi ya ukingo yanaondoka kirahisi zaidi: mvuke, kitambaa cha pamba kibichi juu yake, pasi ya moto wa wastani, ukikandamiza na kuinua bila kuburuta.

Na kama unatafuta nyingine, angalia felti imetoka kwa mnyama gani. Sufu ya kondoo ndiyo nafuu, ndiyo ngumu mkononi, na ndiyo inayosinyaa na kulegea upesi ikinyeshewa. Manyoya ya sungura ni laini na mepesi zaidi. Ya biva, yule mnyama ajengaye mabwawa, yamesongamana kiasi kwamba matone hukaa juu kwa muda kabla ya kuzama. Alama za X zinazopigwa ndani ya kofia kuonyesha ubora wa felti, 4X, 10X na kuendelea, zisikutie kiwewe: hakuna kipimo kimoja kinachoviunganisha viwanda vyote, kwa hiyo 10X ya huku inaweza kushindwa na 5X ya kule.

Nina kofia ya Panama, ndani imeandikwa Ecuador. Nimeuziwa ya bandia? Halafu imeanza kupasuka mbele.

Maandishi hayo ndiyo dalili nzuri. Kofia hizi asili yake ni Ecuador, husukwa kwa majani ya mmea uitwao toquilla, na mwaka 2012 UNESCO iliuingiza ususi huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Jina la Panama lilitokana na njia ya biashara, maana kofia zilipitia huko kwenda kwingine. Picha za Rais Theodore Roosevelt wa Marekani akiwa na kofia hiyo, akikagua ujenzi wa Mfereji wa Panama mwaka 1906, zikazidi kulikoleza. Ya kuogopa ni ya karatasi iliyosokotwa. Itazame kwa karibu: karatasi mara nyingi ina rangi moja kila mahali na nyuzi zake zinaonyesha msokoto, ilhali jani la toquilla ni bapa, linang'aa kidogo, na rangi hupishana hapa na pale.

Mpasuko wa mbele unauleta mwenyewe. Lile bonde la mbele linavutia vidole viwili, gumba na cha shahada, kila ukivaa na kuvua. Jani kavu likibanwa palepale mara mia, linakatika. Shika ukingo, mbele na nyuma, kwa mikono miwili. Hali ya hewa ikiwa kavu sana, pangusa kofia kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, jani lipate unyevu. Na usiikunje kama mkeka hata kama muuzaji alikuonyesha inavyokunjika. Za ususi mwembamba sana huvumilia mara chache, nyingine hazivumilii kabisa.

Kwa ufa uliopo, weka ndani kipande kidogo cha shashi kwa gundi ya kitambaa isiyokauka ikawa ngumu. Ufa hautapona, lakini hautaendelea.

Ni kweli kofia inaleta upara?

Hapana. Upara wa kawaida wa wanaume ni wa kurithi, na kazi hiyo inafanywa na homoni ya dihidrotestosteroni kwenye mashina ya nywele, uvae kofia usivae. Kofia chafu inaweza kukuwasha ngozi. Hilo ni suala la usafi.

Utepe umepata doa la mafuta ya nywele. Nimejaribu sabuni, doa limeongezeka.

Maji yanayasambaza mafuta. Nyunyizia poda au wanga mkavu, uuache usiku kucha unyonye, asubuhi uupige brashi. Rudia mara mbili tatu. Brashi iwe ya nywele laini, na kama una kofia nyeusi na nyeupe, uwe na brashi mbili, ama sivyo kofia nyeupe itageuka kijivu. Piga kinyume cha mwendo wa saa, kwa sababu kwa kawaida manyoya ya felti hulazwa upande huo. Ukanda wa ngozi upanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa kila baada ya siku ya jasho jingi. Chumvi ikishaupita ukanda na kuchora mstari mweupe kwenye utepe, kuitoa ni shughuli.

Kapelo inaingia kwenye mashine ya kufulia?

Ya zamani, hapana: nyingi zina kadibodi ndani ya kikingajua, nayo ikilowa inageuka uji. Yenye plastiki badala ya kadibodi ifue kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, mswaki kwenye ukanda wa jasho. Ikaushie juu ya faroma, au bakuli lenye ukubwa wa kichwa chako.

Mimi ni mfupi na uso wangu ni wa duara. Kofia gani inanifaa?

Ukingo usizidi sentimita 6, kilele kisipungue 10, na kilele kiwe na bonde kali la mbele badala ya kuwa na mviringo laini, maana duara juu ya duara halimpendezi mtu. Lakini namba hizi ni za kuanzia tu. Jitazame kwenye kioo cha mwili mzima, ukiwa na viatu. Kioo cha ukutani kinaonyesha uso, na kofia inayopendeza uso inaweza kukumeza ukisimama. Kisha iinamishe upande mmoja, upana wa kidole, si zaidi.

Ndani ya kofia yangu kuna kitepe kidogo kimefungwa kama kipepeo. Ni cha nini?

Ni kumbukumbu ya uzi uliotumika zamani kukaza au kulegeza ukanda wa ndani. Siku hizi hakikazi kitu, ila kinaonyesha nyuma ni wapi. Kile kifundo kikubwa cha utepe wa nje hukaa kushoto. Ukivaa kofia gizani, kitafute kile kitepe cha ndani kwa kidole gumba: kikiwa kisogoni, umeivaa sawa.